Ahadi ya Mikono Safi

Watu wa Ibadakuli wakikuambia kwamba mimi Paskalia nina mdomo, usibishane nao, wanasema kweli. Nauza chakula pembeni ya gereji, njia ya kwenda uwanja wa ndege, na mtu anayelisha mafundi akiwa mpole watampanda kichwani. Kwa hiyo ninapomweleza Sostenes nitamweleza kama nilivyomwona, na mahali pa kumsema nitamsema. Bahati yake, mahali pa kumsifia ni pengi zaidi.

Sostenes ni fundi wa miguu. Simaanishi miguu ya watu. Gari nalo lina miguu: pale mbele, chini, tairi linaposhikana na mwili wa gari, kuna vyuma vinavyokunjika, vinavyozunguka na vinavyobeba, na vyote vimeunganishwa kwa viungo. Kiungo kikichoka, gari linaanza kulalamika. Wengine hapa gereji wanashika injini, wengine umeme, wengine rangi. Sostenes hashiki kingine chochote. Ukimletea gari lisilowaka atakuonyesha mwenzake kwa kidole, kisha atarudi kulala chini ya lile lake huku anaimba, na sauti yenyewe, Mungu amsamehe, ni mbaya.

Kwao ni Kishapu, kwenye pamba. Alipokuwa kijana aliikimbia pamba akaenda Nyarugusu, kule Geita, kutafuta dhahabu. Akaingia duarani, yaani ndani ya shimo la wachimbaji, na wenzake wakamhesabia kuwa tajiri wa kesho. Mvua ikanyesha, duara likajaa maji, utajiri ukaishia hapo. Lakini alipokaa juu ya kifusi akiomboleza, aliona jambo moja: magari yaliyobeba mawe kupeleka kwenye karasha, ile mitambo ya kusaga, yalikuwa yanaharibika miguu kila uchao. Barabara za kule hazikuwa barabara. Alikuwepo mzee mmoja mkali, Abdulshakur, aliyekuwa akiyatengeneza, na Sostenes akaenda kumshikia spana. Mzee yule alimfundisha kwa kumfunga kitambaa machoni. Gari linapita, Sostenes anasema ni upande gani unaolia, na akikosea anachapwa kitambaa kilekile. Anasema alikuwa anachapwa sana.

Ndiyo maana mpaka leo hakimbilii jeki. Anasimama katikati ya uwanja wa gereji, anafumba macho, halafu anakuambia ukate usukani mpaka mwisho na umzunguke polepole. Unamzunguka kulia, unamzunguka kushoto, na yeye ametulia pale katikati akiinua mkono huu au ule. Gari likisema ta-ta-ta-ta kwenye kona, hiyo ni sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi huku kikikunjika. Ikilia unapokata kulia, mgonjwa mara nyingi yuko kushoto, maana tairi la nje ndilo linaloelemewa. Lakini likisema "kwa!" moja nzito unaposhuka shimoni, inaweza kuwa bol jointi, kiungo cha chini kinacholishika tairi lisiende zake, na hapo Sostenes hufumbua macho haraka. Mteja naye akishuka lazima ashike ukuta kwanza, dunia inamzunguka. Mimi nafaidika, kwa kuwa mtu mwenye kizunguzungu hupenda kukaa, na akikaa huagiza chai.

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha Vumilia. Yeye anashona makava ya viti vya magari. Mwenyeji wa Didia, mkono mzito, kicheko kikubwa, na akikasirika hapigi kelele bali ananyamaza, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi. Sostenes anayajua magari kwa chini, Vumilia anayajua kwa ndani. Kila gari lililotoka kwa Sostenes likawa linapelekwa kwa Vumilia "likaangaliwe viti," hata kama viti vyenyewe vilikuwa vipya na plastiki yake haijatolewa. Gereji nzima tulijua. Watu wazima wote wawili, yeye ana mvi kidevuni, mwenzake kaimaliza arobaini zamani, na bado wanatumiana magari ya watu kwa visingizio.

Sasa hapa ndipo pa kumsema. Siku ya posa, wazee wa Didia walivaa, wakakaa, wakangoja mpaka ugali ukapoa. Sostenes alikuwa ameona gari la mtu asiyemjua limelala pembeni mwa barabara, tairi la mbele limepinda kuelekea nje, na mguu wake mwenyewe ukagoma kulipita. Akaingia chini. Alifika Didia jua linazama, amefurahi kama kawaida yake, akamkumbatia mzee Ngassa, baba mdogo wa Vumilia, aliyekuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Vidole vya Sostenes viko kwenye mgongo wa ile suti mpaka leo. Halafu ikaja siku ya kwenda kwa Padri kuandikisha ndoa, na hiyo hakuja kabisa. Vumilia alikaa kwenye benchi la parokia na mkoba wake magotini, akarudi peke yake. Siku zile alinyamaza mpaka nikaogopa.

Alipofungua kinywa tena, alivuka barabara akaja kusimama mbele ya gari. Miguu ya Sostenes ilikuwa imetokeza.

"Sostenes, toka nikuone."

Akatoka, uso mweusi kwa grisi, meno meupe.

"Una mke mwenza wangu huko chini," Vumilia akasema. "Sijui sura yake, ila najua anapendwa kuliko mimi. Sasa nisikilize, na Mama Dorah awe shahidi. Nitakupa siku moja ya mwisho. Siku hiyo, nikiona grisi mikononi mwako kabla Padri hajamaliza, narudi kwa mama yangu na hutanisikia tena."

Mama Dorah ni mimi. Nikasema nimesikia. Sostenes akaahidi huku ameinua mikono miwili juu, na mikono yenyewe ilikuwa inadondosha grisi, nikaona ahadi imeanza vibaya.

Lakini siku ya harusi, jamani! Alikuja asubuhi nyumbani kwa Vumilia mikono imesuguliwa kwa mchanga, sabuni ya unga na malimau mpaka imekuwa myekundu. Nilikuwa sijawahi kuziona kucha zake. Alitembea ameiinua mikono kifuani mtu asimguse, wanawake wakawa wanapita kuitazama mikono ya bwana harusi badala ya kumtazama bibi harusi. "Mwangaluka, mayu," akawa anawasalimia kwa Kisukuma, na hampi mkono mtu.

Kwa kawaida bwana harusi hutangulia kanisani. Vumilia alikataa katakata. Alisema akitangulia atakutana na gari bovu njiani, kwa hiyo watapanda gari moja, na yeye atamkalia ubavuni. Nani wa kumlaumu? Gari lilikuwa la Edward, mpwa wake Vumilia, kijana mtanashati anayefuta vioo hata akisimama kununua vocha. Lilikuwa jeupe, limepambwa riboni na maua, na Edward alikuwa amelinunua majuzi kwa mtu wa Geita aliyekuwa akilifanyisha kazi migodini. Edward kwenye usukani, mimi mpambe kushoto kwake, Sostenes nyuma yangu, Vumilia nyuma ya Edward na shela lake limejaa kiti kizima.

Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, ikiongozwa na Makoye mwenye mashavu ya kazi hiyo. Nyuma yetu Maulidi, muuza spea, rafiki wa Sostenes tangu siku za Nyarugusu, amembeba mzee Ngassa. Nyuma ya Maulidi magari mengine na bodaboda zilizokuja zenyewe bila kualikwa. Mafundi wenzake Sostenes walikuwa wametangulia Didia na pikipiki kufunga maturubai. Kumbuka hilo usije ukaniuliza baadaye mafundi walikuwa wapi.

Harusi ya mjini kwetu haipiti kipilefti bila kuzunguka. Hata Padri anajua, akipanga saa ya misa anaacha nafasi ya kipilefti. Kwa desturi ni baada ya ndoa, lakini Makoye alishaanza kupuliza tarumbeta tangu alfajiri na hakuna aliyemkataza. Pikapu ikaingia, nasi tukaingia, honi zikalia, wanawake wakapiga vigelegele, Edward akakata usukani kulia.

Ta-ta-ta-ta.

Niliisikia mimi, na masikio yangu ni ya mpika wali. Nikamwangalia Sostenes kwa kioo. Alikuwa amebana mikono yake katikati ya magoti.

"Nini?" Vumilia akauliza.

"Hakuna kitu, mke wangu. Edward, hebu zunguka tena."

Tukazunguka tena. Watu wa barabarani wakashangilia, maana wengi huzunguka mara moja wakaenda zao, na huyu bwana harusi anarudia. Makoye alipoona hatutoki, naye hakutoka, akapuliza zaidi. Tukazunguka tena, na tena. Trafiki aliyekuwepo akakata tamaa akaanza kucheza. Vumilia alikuwa anacheka mpaka shela linatikisika, ananipiga begani, anasema, "Mama Dorah, mume wangu ana furaha! Mwone!" Nikasema namwona.

"Edward," Sostenes akasema kwa sauti ndogo, "ingia pale uwanjani. Sasa zunguka kwa kushoto."

Hapa ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Kwenye kipilefti huwezi kwenda kinyume, ila kwenye uwanja wa mpira unaweza. Edward akaingia uwanjani, na msafara mzima, ambao ulijua kwamba gari la maharusi linafuatwa liendako, ukaingia nyuma yetu. Vijana waliokuwa wanacheza mpira wakakimbia na magoli yao. Tukawa tunazunguka kushoto, Maulidi nyuma yetu, bodaboda nyuma ya Maulidi, na pikapu ya matarumbeta, iliyopitwa, ikakata njia ikaja kuzunguka ubavuni mwetu. Kina mama wa sokoni wakaacha nyanya wakaja kuona. Wakasema haijapata kutokea harusi ya namna hii, huyu lazima ametoa ng'ombe wengi.

Sostenes alitaka kusikia, na tarumbeta lilikuwa linamwingia sikioni. Akatoa kichwa dirishani akamwashiria Makoye kwa viganja, chini, chini. Makoye akatabasamu, akaelewa kwamba bwana harusi anataka ile staili ya kuchuchumaa. Bendi nzima ikachuchumaa kwenye pikapu ikapuliza ikiwa chini, na uwanja mzima ukachuchumaa nayo. Nilimwona bibi mmoja mwenye mkongojo ameenda chini na sijui alirudije.

"Sasa kulia!" akasema Sostenes. Edward akakata kulia. Ta-ta-ta-ta. "Kushoto!" Kimya. "Kulia!" Ta-ta-ta-ta. Nilianza kuwaona Edward wawili, na hakuna hata mmoja niliyemwamini. Vumilia machozi ya kicheko yalikuwa yanaharibu poda niliyompaka kwa shida. Halafu akageuka kumbusu mumewe mtarajiwa shavuni, na kicheko kikakatika.

Sostenes alikuwa amefumba macho.

Mtu yeyote wa gereji yetu anaijua ile sura.

"Sostenes. Unasikiliza nini?"

"Nakusikiliza wewe."

"Mimi sijasema kitu."

Alifumbua macho, akapeleka mikono yote miwili mbele yake kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Ni sivi jointi tu, ya kushoto. Inaweza kungoja mpaka tumalize sherehe. Sijagusa kitu, Vumilia. Tazama mwenyewe."

Vumilia akaitazama ile mikono, mbele na nyuma. Ilikuwa safi kuliko sahani zangu. Akageukia dirishani. "Twende kanisani," akasema, kisha akanyamaza, na nimeshakueleza kunyamaza kwake kulivyo.

Tukashika njia ya Didia, kanisa liliko. Makoye alikuwa bado anapuliza lakini ndani ya gari letu hapakuwa na harusi tena. Nilijaribu kuimba pambio, nikaacha. Mbele kidogo palikuwa na mchepuko, barabara ikikarabatiwa, tukashuka kwenye vumbi lenye mashimo.

Kwa!

Hiyo sikuisikia kwa sikio. Iliniingia kwenye nyayo, chini ya sakafu, upande wangu. Edward akasema, "Shimo tu hilo." Tukashuka jingine. Kwa! Usukani ukamvuta pembeni, akaurudisha, akacheka kicheko cha mtu mwoga.

Nikamtazama Sostenes kwa kioo. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai. Nilielewa kila kitu, na roho ikaniuma kwa ajili yake, kwa sababu nilikuwa shahidi wa ile ahadi. Ile ta-ta-ta ilikuwa kelele tu, mtu angeishi nayo. Hii nyingine ndiyo inayomfumbua macho. Akinyamaza, huenda tukafika, huenda tusifike. Akisema, mwanamke aliyemngoja miaka yote hii anashuka na kurudi kwa mama yake, na safari hii harudi tena.

"Edward," akasema, "simama hapahapa. Usikate kona. Simama."

Edward akasimama. Vumbi likatupita.

"Vumilia," Sostenes akasema, "bol jointi ya kushoto imekufa. Shimo moja zaidi, tairi linaweza kulala na sisi tukalala nalo. Najua nilichoahidi. Sitagusa. Ukitaka kurudi nyumbani, rudi, Maulidi akupeleke, sitakulaumu. Lakini kwa gari hili huendi popote. Afadhali nikukose ukiwa mzima."

Sioni haya kusema kwamba nililia. Mimi na mdomo wangu wote, nililia kwenye kanga ya harusi.

Mzee Ngassa alikuwa ameshashuka kwenye gari la Maulidi, anakuja na fimbo. Alipoambiwa, alisema neno la maana, na kwa kweli lilikuwa la maana: "Ingieni gari la Maulidi wote wawili, twendeni, Padri anangoja. Hili libaki hapa na mwenyewe."

Vumilia alishuka, akakusanya gauni mkononi, akaja mpaka kwenye tairi la mbele la kushoto. Akalitazama muda mrefu.

"Hapana, baba mdogo," akasema. "Nimeahirishiwa harusi kwa ajili ya huyu. Nimekaa kwenye benchi la parokia kwa ajili ya huyu. Siondoki hapa mpaka nimwone mke mwenza."

Tukafikiri kachanganyikiwa. Akamgeukia Sostenes. "Wewe rudisha mikono nyuma. Uniambie tu. Maulidi, leta jeki."

Jeki ikaja. Gari likainuliwa, tairi likaelea. Sostenes amesimama, mikono nyuma, anatikisika mwili mzima kwa hamu, akaanza kumwongoza mchumba wake.

"Shika tairi kushoto na kulia. Tikisa."

Vumilia akatikisa. Limetulia.

"Basi tairodi ni nzima, ile ya kukatia kona. Sasa shika juu na chini. Vuta juu, sukuma chini."

Kwa! Kwa! Tairi lilicheza mkononi mwake mpaka akaruka nyuma. "Mama yangu! Hili ndilo lililokuwa linatubeba?"

"Bado. Inaweza kuwa beringi. Edward, kanyaga breki usiachie. Tikisa tena, Vumilia."

Breki imekanyagwa, na bado, kwa! kwa!

"Siyo beringi," Vumilia akasema yeye mwenyewe, kabla Sostenes hajafungua mdomo, na nikaona uso wake umebadilika. Alikuwa amekamatwa. Nimewaona wateja wengi pale gereji wakikamatwa hivyo, mtu anakuja amenuna, anaonyeshwa ugonjwa wenyewe, anaanza kuinama aone vizuri. Vumilia aliinama. Halafu akapiga magoti. Halafu, na gauni lote lile, akalala ubavu kwenye vumbi la mchepuko akaingiza kichwa.

"Nakiona! Kimpira kimepasuka, ndani hakuna hata grisi, kutu tupu. Kile chuma kinachezacheza kabisa! Mama Dorah, njoo uone!"

Nikaenda. Nililala chini na gauni la mpambe. Ni kweli, nilikiona, kiungo kidogo tu, hakifiki hata ngumi, kikining'inia kwa rehema ya Mungu.

Maulidi akafungua buti. Mtu huyu hupeleka spea Katoro, kule Geita, kila wiki, na hata harusini buti lake halikuwa tupu. Akapekua chini ya zawadi, akatoa boksi. "Gari la namna hii kule migodini linazitafuna hizi," akasema. "Ipo." Ukimwambia Maulidi aifunge, hata hivyo, atabakiza nati mfukoni, ni mfanyabiashara yule. Edward alikuwa amejishika kichwa kwa ajili ya riboni zake.

"Spana," akasema Vumilia.

Tairi likatoka. Sostenes anasema, "Chomoa ile pini," pini inatoka. Anasema, "Legeza nati ya chini," Vumilia anakaza meno, nati inalegea. Mkono wa cherehani si wa mchezo. Makoye na bendi yake walikuwa wamerudi kuona kilichotokea, na kwa kuwa hawakuelekezwa vingine, walipuliza kufuata mwendo wa spana. Wachungaji wa ng'ombe wakatoka porini, mmoja akauliza kama ndivyo Wakristo wa mjini wanavyooana siku hizi. Mzee Ngassa akamjibu kwamba hata yeye anajifunza leo.

Kisha ikagoma. Kiungo cha zamani kilikuwa kimeng'ang'ania mahali pake. Vumilia alipiga nyundo, akapiga tena, akabaki anahema na shela limeangukia sikioni. Akainua uso.

"Sostenes, njoo."

"Ahadi," akasema Sostenes. Mikono ilikuwa bado nyuma, imefungana.

Vumilia akaonyesha ya kwake. Ilikuwa imekuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko, na hina niliyomchora usiku kucha huioni.

"Nilisema nikiona grisi mikononi mwako narudi nyumbani. Sasa imeanza mikononi mwangu. Nirudi wapi? Njoo, mwanaume, tunachelewa!"

Nimemfahamu Sostenes siku nyingi. Sijawahi kumwona akivua koti kwa furaha ile. Alilirusha, likatua kwenye tarumbeta la Makoye. Akalala chini karibu yake, wakakamata nyundo mbili, huyu anapiga upande huu na mwenzake anapiga upande ule kwa pamoja, na kwa pigo la tatu au la nne kile kiungo kikaruka nje. Umati mzima wa wachungaji, bodaboda na wapiga matarumbeta ulipiga kelele utadhani goli limeingia. "Wabeja!" Sostenes akapaza sauti kutoka chini ya gari, akiwashukuru. Mpya ikaingia, nati zikakazwa, pini ikarudishwa. Vumilia ndiye aliyeikunja ile pini, na akairudia kuikagua.

Walipotoka chini walikuwa wa kutisha. Mimi mpambe niliwatazama na poda yangu mkononi, nikairudisha kwenye mkoba.

Tukaingia Didia tumechelewa vibaya. Ile sivi jointi ya kushoto ilitulilia tulipokata kona ya kanisani, ta-ta-ta-ta, na Vumilia akasema kwa sauti ya mtu aliyesomea, "Hiyo ni ya Jumatatu." Padri alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Aliangalia gauni, akaangalia shati la Sostenes, akaangalia mikono minne. Nikajiandaa kujibu, kwa kuwa majibu ninayo siku zote, lakini aliomba tu kitambaa, na kitambaa hakikusaidia kitu.

Ikafika saa ya pete. Pete ya Vumilia iliingia bila shida. Ya Sostenes ndiyo iliyokuwa na kesi. Kidole cha mtu aliyepiga nyundo maisha yake yote kina fundo katikati, na pete ilifika pale ikasimama. Mzee Ngassa akakohoa. Vumilia akaizungusha kidogo, grisi ikajipaka pembeni mwa pete, akaisukuma kwa kidole gumba, ikateleza juu ya fundo na kukaa mahali pake.

"Angekuwa na mikono safi," akamwambia Padri, na kanisa zima likasikia, "ingekwama."

Sostenes alicheka kwa sauti yake mbaya, akamshika mkono hakuuachia tena, na mimi nikapiga kigelegele kabla Padri hajatoa ruhusa.